Chaki kwenye Utepe

Kikao kilifunguliwa saa kumi na mbili na dakika saba jioni,
ukumbi wa mpira wa kikapu, shule ya Pruett, Texas,
kwa kuwa ukumbi wa kaunti una paa bovu
(andika hilo, alisema mtu wa nyuma, paa linavuja na mvua yenyewe haipo).
Sikuliandika.
Mimi ni karani. Huandika yaliyopitishwa.

Waliohudhuria: thelathini na mmoja.
Viti vilivyopangwa: mia na ishirini.

Mhandisi Rosalind Petrakis, kutoka makao makuu,
aliwasha mashine, na ukutani, chini ya goli,
mwaka elfu mbili na themanini ukatokea kwa rangi ya samawati.
Watu: mara mbili ya sasa.
Ng'ombe wa maziwa: mara tatu.
Kiwanda ambacho bado hakina jina: kimetengewa fungu lake.
Kisha mstari mwekundu, ule wa maji,
ukishuka taratibu kama mgonjwa anayeshuka ngazi
huku ameshika ukuta.

Pale mistari inapopishana
pameandikwa "hitaji lisilotimizwa".
Niliyaandika maneno hayo mara kumi na tisa usiku ule.
Nyumbani kwetu tuliita kiu.

Eusebio Villarreal, mkulima wa pamba, dakika tatu:
aliuliza hao watu wa mwaka huo watatoka wapi,
maana wanawe wanne wote wamehamia Lubbock na Denver,
na shule hii tuliyokalia inafunga darasa la saba.
Mhandisi akasema ni makadirio.
Asiyezaliwa huwezi kumuuliza kwao, akajibu Eusebio.
Watu wakacheka. Sikuandika kicheko.

Bi Nadine Schroeder, ng'ombe elfu nne, dakika tatu,
akatumia nusu:
"Nikiacha kuvuta mimi, atavuta jirani.
Chini huko hakuna uzio."
Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna aliyembishia.

Likatajwa bomba, kutoka mto ulio maili mia tatu.
Likatajwa bwawa. Ikatajwa bei ya bwawa,
na mtu akapiga mluzi.
Kukatajwa kubana matumizi; neno likapita
kama sahani ya mchicha kwenye meza ya watoto.

Mimi nilikuwa ninamwaza baba.
Kila Januari, pampu zikiwa zimelala,
alizunguka visima tisini vya kaunti na utepe wa chuma.
Futi za mwisho alizipaka chaki ya buluu,
akauteremsha utepe kwenye bomba, akangoja,
akaupandisha. Chaki ilipolowa iligeuka giza,
na hapo ndipo maji yalipo.
Nilishika daftari. Nilikuwa na miaka tisa,
herufi zangu zimevimba matumbo.
"Soma."
Mia na kumi na mbili.
"Mwaka jana?"
Mia na tisa.
Hakusema kitu. Alifuta utepe kwa kitambaa
kama unavyomfuta mtoto uso.

Tulifundishwa kuwa haba na haba hujaza kibaba.
Nani alitwambia kwamba ndivyo kinavyokombwa pia?

Mwaka aliostaafu, utepe wa futi mia mbili
ulirudi kutoka kisima cha Teague mkavu mwili mzima,
chaki yote imetulia, safi, kama ilivyotoka dukani.
Nikamuuliza niandike nini.
Akasema: andika urefu wa utepe.

Saa mbili na nusu mwenyekiti aliuliza kama kuna maoni zaidi.
Mwaka wa themanini ulikuwa bado unawaka ukutani.
Kijana wa usafi alisimama mlangoni na ndoo na dekio,
akisubiri tumalize.
Nikanyanyua mkono. Karani hana dakika tatu,
hakuna kanuni inayompa.
Mwenyekiti akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza.
Nikasema: mia mbili, mkavu, kisima cha Teague, Januari.
Nikaketi. Nikaliandika.

Mpango ulipitishwa, kura saba kwa moja.
Nakala imeambatishwa.
Ukurasa wa mwisho una doa la buluu pembeni.
Si wino.