Kona ya Kushoto ya Mbele

Kutoka mlango wa choo hadi dirisha la jikoni
ni hatua kumi na tatu.
Nazijua kama mwingine ajuavyo punje za tasbihi.
Zulia limechakaa katikati, mstari mweupe,
njia ya sungura msituni.
Satu, mke wangu, alilifunika kwa mkeka wa plastiki
bila kuuliza kitu. Nikautoboa nao.

Oulu, Januari. Jua huchungulia saa nne na nusu,
saa nane na nusu limekwisha kuondoka
kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Usiku napanga barua posta.
Tisa, nane, moja, sufuri, sufuri: Kemijärvi. Kwa baba.
Juzi bili yake ya umeme ilipita mkononi mwangu,
jina limechapwa, Reijo, herufi kubwa.
Nikaitupa kwenye kisanduku chake, nikashika nyingine.
Kichwani, wakati huohuo, nilikuwa nimepiga magoti
sebuleni kwake, naye analia.

Hulia vizuri sana baba, humu kichwani.
Machozi nampimia mimi.
Maneno namtungia mimi; yakitoka vibaya
nayarudisha mlangoni yaingie upya.
Nimemwomba radhi mara mia tatu na ushee,
na mara zote nimesamehewa
kabla ya hatua ya kumi na tatu.

Jambo lenyewe ni hili.
Siku tulipomzika mama —
walipomzika —
nilikuwa nje, kwenye maegesho ya kanisa,
injini inanguruma, hita imefunguliwa hadi mwisho,
tai nyeusi, mikono kwenye usukani.
Dakika tano tu, nilijiambia, nikusanye pumzi.
Nikafumba macho, nikalibeba jeneza:
kona ya kushoto, ya mbele. Bega likaniuma kweli.
Nikaimba hata ubeti wa pili, ambao siujui.
Kufumbua macho, watu wanakung'uta theluji viatuni
wakaelekea kunywa kahawa,
na kona yangu imebebwa na Pentti, jirani,
mwenye mgongo mbovu.

Baba hakuuliza. Mwaka wa sita huu, hajauliza.

Watu hudhani ndoto za mchana ni sukari.
Zangu ni sindano ya daktari wa meno:
jino haliumi, nawe unajitafuna shavu
hadi uonje damu usijue ni ya nani.
Supu ya samaki ya Satu imepoa mara ngapi mbele yangu
nami ndani namsifia, hotuba ndefu, makofi!
Hajasikia hata neno. Ameosha bakuli.

Jana akaniuliza, "Leo ulikuwa wapi?"
Si kwa hasira. Kama anayeuliza saa.
"Kwa baba," nikasema.
Akanisukumia simu juu ya meza, akaenda kuoga.

Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli,
ila huku humwagika yakaganda,
na mwenye beleshi huyazoa.
Au najidanganya tena. Sijui.
Niliishika simu hadi ikapata joto la kiganja.

Ikaita mara saba. Akapokea.
Magoti, machozi, ubeti wa pili, vyote nilivyovipanga
vikanikwama kooni kama barua zisizo na anwani.
Nikasikia saa ya ukutani, ile ya mama.
Nilikuwa nimeisahau kabisa:
kichwani mwangu nyumba ile haina saa.
Baba akakohoa.
"Matairi ya baridi umeshafunga?"
"Nimefunga."
"Barabara ya huku ni kioo."
Kisha kimya, kirefu,
kimya ambacho sikukitunga mimi.

Usiku huo nilitembea tena, nakiri.
Kumi na tatu, kumi na tatu.
Lakini nilipomfikisha baba mahali pa kulia
alikohoa,
akauliza habari za matairi.