Siku ya Tisa

Karani wa masjala hapa Tabora
amefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea magunia.
Anahesabu kwa vidole, kama mtu anayegawa karanga:
"Siku kumi za kutoa notisi. Leo ya tisa.
Halafu arobaini na tano za kuleta sababu,
ukishapata nakala ya mwenendo wa kesi."
Anainua macho. "Sasa, Mihambo,
unapinga nini?"

Kumbe kupinga nako kuna namna.
Naweza kusema sikutenda.
Naweza kusema nilitenda, ila fimbo imezidi kosa.
Naweza kulipa faini, nikanyamaza,
nikaikabidhi leseni kama sufuria ya kuazima.
"Chagua kabla sijaenda kula," asema.

Wakili wa juu ya duka la mbolea
aliisoma hukumu yangu akichekea puani.
"Trafiki kapima alama za breki kwa hatua za miguu!
Kiatu chake namba ngapi? Hakuna aliyeuliza.
Shahidi wa tatu alikuwa kibandani anakaanga mihogo,
alichosikia ni kishindo.
Kesi ina matundu kama chekeche.
Rufaa hii, bwana, inajiandika yenyewe."
Akataja bei.
Bei haikujilipa yenyewe.

Trafiki alikosea hatua zake, sawa.
Lakini ndani ya ile fuso nilikuwemo mimi,
na marobota mia na arobaini ya tumbaku kutoka Kaliua,
na mshale wa spidi uliokufa tangu masika ya juzi,
umelala kwenye sifuri hata kwenye mteremko.
Kizimbani nilisema: sikuujua mwendo wangu.
Kweli tupu.
Na uongo mtupu, maana mwendo unausoma kwenye miombo:
ikiacha kuwa mti na mti,
ikawa ukuta,
unajua.

Siku ile ilikuwa ukuta.

Na mbele yangu baiskeli, madumu mawili ya asali,
na kijana Lusangija kasimama juu ya pedali
akikisukuma kilima kwa uzito wake wote.
Mguu wake sasa una vyuma, yuko Kitete, wodi ya mwisho.
Asali ilitapakaa kwenye lami.
Nyuki walifika kabla ya polisi.

Nyamizi wangu hajui vifungu.
Jana usiku alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, akauliza:
"Ukishinda, utamwambia nani?"
Akaendelea kuchagua. Kisha, bila kuniangalia:
"Na ukishindwa, tutakula nini?"
Taa ikaisha mafuta, hakuna aliyejibu.

"Andika adhabu," namwambia karani.
"Miaka mitatu bila leseni. Hiyo ndiyo naipinga,
mikono hii haijafundishwa kingine."
"Na hatia?"
"Hatia iache."
Kalamu inasimama. "Wakili wako anajua?"
"Sina wakili."
Anagonga muhuri. Wino umekauka.
Anaupulizia pumzi, anagonga tena,
safari hii tarehe inasomeka, nusu.

Nje, jua la saa saba.
Nimeshika mkate, naenda Kitete kwa miguu,
na sijui kwa nini nazihesabu hatua.
Elfu moja mia sita na kitu, hapo nikapotea,
nikaanza upya kwenye lango la hospitali.
Kiatu changu namba nane.
Mtu akiuliza.