Mtambo wa Kurudia Sauti

Eilif kabeba betri mgongoni kama mtoto mgonjwa,
mimi nyaya, koleo, chupa ya kahawa.
Theluji magotini. Mwendo wa saa tatu
kwa kazi isiyo na mshahara.

Kibandani, panya wametafuna kebo:
wamekula sauti ya bonde zima.
Tunakata, tunaunga.
Lehemu inafuka moshi, vidole vimekufa ganzi.

Taa ya kijani.
Eilif anabonyeza, anataja jina lake.
Mlima unalirusha. Kimya.

Kisha, kutoka ng'ambo ya ghuba,
Bi Ragnfrid na redio yake ya upepo,
miaka themanini na mitatu:
"Mmechelewa. Wiki nzima
nausimulia ukuta mambo ya paka."

Eilif anakalia betri kuukuu,
anafungua chupa.
"Haya, paka hajambo?"