Sita na Tisa

Mkamburi alikuwa sauti ya pili.
Si ile ya kwanza, inayopaa na kusifiwa na wageni,
bali ya chini yake, ambayo hujui kama ipo
mpaka siku ikosekane, na wimbo uyumbe
kama meza iliyopunguzwa mguu.

Makadara walimpasua koo mwezi wa Agosti.
Kilichorudi Changamwe ni mnong'ono,
na kovu jembamba analolifunika kwa kitambaa
hata kwenye joto la Februari.

Mchungaji akampa kazi ya ubao:
misumari mitatu kila mstari,
namba za bati ndani ya kopo la maziwa ya unga,
zilizokatwa na fundi Mwandawiro kwa mkasi wa mabati,
ndiyo maana saba yetu ina pembe ya kuchoma
na sita hatuna.
Ukitaka sita, geuza tisa.

Kwaresima, Jumapili ya nne.
Madhabahu imevaa zambarau.
Malori ya bandarini yapiga honi
mpaka ndani ya sala ya toba.
Karatasi ya mchungaji ilisema sitini na tisa,
wimbo wa majuto, wa polepole, wa kichwa chini.
Ubao ulisema tisini na sita.

Mimi ndiye mpiga kinanda. Niliona.
Nikatazama karatasi, nikatazama ubao,
nikamtazama yeye, benchi la tatu,
mikono mapajani, uso hausemi kitu.
Tisini na sita ni sifa tupu:
beti saba, na kiitikio
ambacho watoto hukidaka kabla hakijafika.

Mungu anisamehe, au basi.
Nilibonyeza tisini na sita.

Mchungaji aligeuka. Kisha, nadhani ni uchovu,
au ni kwa kuwa mama Wakesho alikwisha kuinuka
akijifunga leso kiunoni,
naye akafungua kinywa.

Wanaume wa yadi ya makontena wakashika besi,
sauti za watu waliozoea kuinua kitu pamoja.
Na katikati, palepale pa Mkamburi,
shimo.
Hakuna aliyeliziba. Tuliimba tukilizunguka
kama watu wanaopita kando ya kisima.

Yeye aliweka kiganja juu ya benchi la mbele.
Mbao zilikuwa zinatetemeka.
Nikaona midomo yake: haikufuata sauti ya kwanza.
Ilichelewa pale ya pili inapochelewa,
ikashuka pale inaposhuka,
beti zote saba,
bila hata pumzi ya kusikika.

Baadaye nilimkuta akirudisha namba koponi.
Nikamwuliza kama alikosea.
Akazishika zile tisa mbili,
akaigeuza moja, akaigeuza tena,
akazitumbukiza.

Halafu akanisogelea sikioni,
na mnong'ono wake ukanuka karafuu:
"Ubeti wa tano uliukimbiza."