Miguu Mitatu

Stromness, duka la mitumba la Bi Isbister.
Kamera yangu ya sanduku naibeba mgongoni
kama mtoto mwenye homa.

Stendi ya kwanza ni ya aluminiamu, yang'aa.
Naigonga kwa ukucha: inatetemeka,
nahesabu hadi saba, bado.

Ya pili ya mbao, ya mpima ardhi marehemu,
tope kavu kwenye kwato, skrubu moja si yake.
Naiegemea kwa uzito wangu wote.
Kimya.

"Utaichukia mlimani," ananionya.
Lakini figa halichaguliwi kwa wepesi.

Nje upepo unakimbiza pipa la taka barabarani.
Natoa noti mbili za ishirini, nasahau chenji.

Picha yangu yataka sekunde nane.
Nane tu, we upepo.