Nambari Saba, Rangi Nyeusi

Kwenye ramani ya wilaya ni uzi tu,
mweusi, mfupi kama ukope
ulioanguka kati ya msitu na kanisa la Saint-Marsal.
Kijani ni ya watoto. Buluu ya wazazi wao.
Nyekundu ya wenye magoti mazima.
Nyeusi ni yangu, Jumamosi, saa moja kasorobo,
baada ya zamu tano za usiku kwenye kiwanda cha maboksi,
mashine bado zinavuma masikioni.

Kupanda kwanza. Hakuna anayesimulia kupanda.
Gia ndogo kabisa, pua karibu na usukani,
mnyororo unatafuna mchanga
na mialoni inanipita, ndiyo,
miti imesimama na bado inanipita.
Konokono mmoja nilimwacha nyuma, nikajivunia.
Ni vuli. Yale matunda ya miiba yanadondoka,
kila moja ngumi ya kijani iliyofumbwa.
Moja likaigonga kofia yangu, ko,
kama mgeni anayebisha.
Sikuwa na pumzi ya kusema karibu.

Juu, upepo na harufu ya moshi.
Nikakaza mkanda kidevuni, nikashusha kiti,
na msitu ukaanza kukimbia.

Mzizi. Jiwe. Mzizi.
Majani ya jana yanateleza kama ulimi.
Kushoto, achia. Kulia, bana.
Breki kwa kidole kimoja,
kama unavyomshika mtoto sokoni:
si kwa nguvu, ila usimwache.
Kona ya tatu,
tairi la nyuma likakata roho.

Nikaufuata moshi.
Bibi Ghislaine Peyrissac, miaka themanini na miwili,
buti za mpira, sweta ya marehemu mumewe.
Hakuniuliza jina. Alilitazama tairi,
akanitazama tope mpaka nyusini,
akasema, "Lete."
Tukaizamisha tyubu kwenye hori la maji.
Ng'ombe watatu wekundu wakaja kushuhudia.
Aliipitisha kidogo kidogo kati ya vidole
kama mtu aliye katikati ya rozari,
hadi mapovu yakapanda, madogo, yenye haraka.
"Hapo. Kitu kikizamishwa
husema chenyewe kinapovuja."

Gundi ilipokuwa ikikauka
akaionyesha njia kwa kidevu. "Ile mnaiitaje?"
Nambari Saba, nikasema. Nyeusi. Ya mabingwa.
Akacheka mpaka akakohoa.

"Sisi tuliiita Njia ya Mabega.
Huku juu udongo ni kina cha kijiko, chini mwamba mtupu,
huwezi kuzika hata paka.
Aliyekufa alishushwa kanisani na wanaume sita.
Kuna jiwe bapa, utalikuta..."
(Nalijua. Ndipo tunaporukia.)
"...pale walimtua, wakanywa, wakabadilishana mabega.
Mama yangu alishuka Februari, barafu njia nzima.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilibeba kofia zao,
kofia sita, zinanuka tumbaku na jasho.
Hakuna aliyeteleza."

Nikasema pole,
pole iliyochelewa miaka sabini na mitatu.
Akanikatia mkate, na jibini yenye harufu ya zizi.
"Lango ulifunge. Na kesho usije.
Jumapili ni ya wawindaji,
wale humwona nguruwe mwitu hata ndani ya padri."

Ningependa kuandika kwamba kwenye lile jiwe nilishuka,
nikaikokota baiskeli, kichwa wazi.
Sikushuka. Mteremko ulikwisha kunichukua,
magurudumu yakaliacha jiwe,
na pale hewani, kwa kitambo cha kupepesa jicho,
bega langu la kushoto likawa zito
kama limekabidhiwa kitu.

Kisha ardhi. Breki zikalia.
Mnara wa kanisa, ukuta, kuku wa mtu.

Kiraka kimeshika hadi leo.