Majina ya Vito

Babu wa babu yangu aliitwa Almasi.
Mwanawe, Feruzi. Mabinti zake, Lulu na Marijani.
Ukisikia hivyo utadhani ukoo wa masonara.
Kumbe sisi ndio tuliokuwa kwenye mizani:
mtu akinunua kitu, hukipa jina la kitu.

Nyumba ilikuwa hii hii, Mkomani, mlango wa njumu.
Juu, ndani ya zidaka, sahani za Kichina
zilifutwa vumbi kila Ijumaa.
Chini, kando ya ghala, alilala aliyezifuta.
Sasa ni hoteli. Pale chini ni chumba namba mbili,
kina neti mpya na feni, na wageni hulipa zaidi
kwa sababu, wasema, kuta zake zina ubaridi.
Mimi ndiye meneja. Funguo zote ninazo mimi.
Bado mgeni husimama mbele ya meza yangu,
akatazama juu ya bega langu,
akauliza mwenyewe yuko wapi.

Mwezi wa Shaabani tulipeleka posa.
Kaka yangu Mselemu ni daktari wa meno.
Alimng'oa Mzee Shekuwe gego lililomkesha siku nne,
vidole vyake vyote kinywani mwa mzee,
na mzee akasema, Mungu akuzidishie.
Tukadhani mkono uliofika huko utafika mbali.

Kahawa ilikuja, na halua, na maswali.
Baba yenu nani? Tukajibu.
Babu? Tukajibu.
Na babu yake huyo babu?
"Almasi," akasema mjomba wangu, taratibu.
Nilisikia kijiko kikikoma kuzunguka.
"Jina zuri," akasema shangazi yake Barke,
kwa sauti ya mtu anayefunika chungu.
Jibu lilitufikia Alhamisi,
kwa mtoto aliyekuwa ametumwa dukani:
kijana ni mwema, wallahi, lakini si kufu.

Kufu. Silabi mbili.
Ongeza moja, ni kufuli.

Mtu ataniambia hayo yamepita,
siku hizi twaswali safu moja, bega kwa bega.
Kweli.
Ila safu huvunjika vizingitini,
na mpwa wangu akisukwa bado yuko wa kusema
nywele hizi ni za bara, zitavunja chanuo.
Hakuna aliyetujia na mnyororo.
Walitukaribisha halua.

Juzi akaja Muhsini, kakaye Barke, kutafuta kazi.
Alikuwa Ghuba miaka mitatu, dereva.
Pasi yake tajiri aliifungia kabatini,
na watoto wa tajiri, wadogo, hata kusoma hawajajua,
walimwita abdi kama waitavyo paka.
Aliwaambia yeye ni muungwana, wa Lamu,
nasaba yao imeandikwa, karatasi ina mhuri.
Walimtazama ngozi, wakacheka.
"Baba hajui," akaniambia. "Usimwambie."

Sitadanganya: nilifurahi.
Kidogo, kama mtoto anyonyaye peremende ya wizi.
Kisha nikaona jinsi alivyokaa, ukingoni mwa kiti,
tayari kuinuka mtu akiita,
na nikakijua kikao kile.
Bibi yangu alikaa hivyo mpaka anakufa,
ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikampa fomu.
Akaandika jina lake, akaandika la baba yake,
akafika mstari wa tatu, akainua kichwa.
"Jina la babu, nalo ni lazima?"
Babu yake namjua. Mji mzima wamjua.
Babu wa babu yake ndiye aliyemchagulia
babu wa babu yangu jina.

"Fomu ni ya zamani," nikamwambia.
"Hakuna aliyeibadilisha."

Kalamu ilikuwa kwake.
Funguo zilikuwa zikiniuma kiganjani;
sikujua nilizikaza tangu saa ngapi.